Kengele na Moyo wa Binti Yetu

Binti yetu mkubwa alianguka mara ya kwanza siku ya Jumapili, kengele ya pili ilipopigwa. Alikuwa na miaka 13. Alikuwa akipita chini ya mnara akikimbilia kwaya ya vijana, na mzee wetu mpiga kengele hakumwona. Kengele ilipolia juu ya kichwa chake alishtuka, macho yakageuka, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Alitetemeka kidogo, akajikojolea. Baada ya dakika moja hivi alifumbua macho, akauliza kwa nini watu wamemzunguka.

Wapendwa, mnajua jambo kama hilo linavyopokelewa kwetu. Mtoto anaangushwa na kengele ya kanisa! Kabla ibada haijakwisha neno lilikuwa limeshazunguka: kilichomo ndani yake hakipendi sauti ya nyumba ya Mungu. Na sisi, tuseme ukweli kwa kuwa ndio unaotufanya tuandike, hatukulikataa neno hilo. Tulikuwa tunatafuta maelezo, na hayo yalikuwa maelezo.

Tulimpeleka kituo cha afya pia. Walipima malaria, haikuwepo. Wakapima sukari na wingi wa damu. Alipoanguka mara ya pili, siku mlango wa chuma wa darasa ulipobamizwa na upepo, waliandika kifafa kwenye daftari lake na kumpa vidonge vya kumeza usiku. Hakuna aliyempima moyo. Alikuwa msichana anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila kutweta. Nani angeufikiria moyo?

Basi kwa miezi kumi na minne tulikuwa na majibu mawili, pepo na kifafa, na tuliyashughulikia yote mawili. Vidonge usiku, na Ijumaa kikundi cha maombi nyumbani. Tulifunga. Tulisoma habari za yule kijana wa Marko sura ya 9, aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, tukajiona mle kabisa. Hatujutii kuomba. Tunachojutia ni kwamba tulimwambia mtoto aungame, maana tuliambiwa lazima kuna mlango alioufungua. Alitafuta dhambi siku mbili nzima. Akapata moja: aliwahi kuchukua shilingi mia mbili za sadaka akanunua maandazi. Hiyo ndiyo aliyoitaja mbele ya watu wazima tisa, akilia, na sisi wawili tukiwa miongoni mwa hao tisa.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi moja, Agosti 2014. Simu ya mmoja wetu ilikuwa imeachwa chumbani kwa watoto ichajiwe, kwa sababu soketi nzima ilikuwa pale. Ililia saa kumi na moja. Mdogo wake wa miaka 9, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alisema dada aliinuka ghafla, akakaa, akasema, "Simu," kisha akalala tena. Naye akadhani amerudi usingizini. Aliyepiga alitaka kuuliza habari za maziwa.

Siku ya kumaliza matanga, mwimbaji mmoja wa kwaya kuu, ambaye ni muuguzi, alibaki wengine walipoondoka. Alituuliza maswali matatu, kwa upole, akiosha vikombe. Je, kila alipoanguka kulikuwa na sauti ya kushtua? Je, kwenye ukoo kuna aliyewahi kufa kijana bila kuugua? Je, kuna mtoto mwingine aliyewahi kuzimia?

La kwanza tulijibu ndiyo. La pili tulitazamana. La tatu, mtoto wetu mdogo mwenyewe alijibu kutoka mlangoni: "Mimi, siku ya radi." Ni kweli. Alikuwa amezimia mara moja radi ilipopiga mgombani, nasi tulisema ni hofu tu, anamuiga dada yake.

"Mpelekeni akapimwe umeme wa moyo," yule mama alisema. "Msingoje mwezi uishe."

Mchungaji ndiye aliyetupeleka hospitali ya rufaa kwa gari lake. Kabla hatujaondoka aliomba sala fupi mno. Hakukemea kitu chochote. Aliomba tu kwamba watakaomtazama mtoto wapewe macho ya kuona. Hatujasahau tofauti ya sala ile na zile za Ijumaa.

Kipimo chenyewe hakiumizi. Wataalamu hukiita elektrokadiogramu. Pale hospitalini kila mtu alisema ECG. Mtoto alilala chali, wakampaka mafuta ya baridi, wakambandika vitu kumi vyenye nyaya: vinne mikononi na miguuni, sita kifuani. Alikuwa akitekenywa, akacheka, wakamwambia atulie. Halafu mashine ikatoa karatasi ya waridi yenye miraba midogo, na juu yake mstari wa wino ukipanda na kushuka. Ndani ya dakika mbili kazi ilikuwa imekwisha. Miezi kumi na minne, na ilihitaji dakika mbili.

Daktari alikuwa kijana, naye alitueleza bila haraka. Alisema moyo ni msuli unaongoja amri ya umeme. Umeme huo unatoka kwenye chumvi za mwili wenyewe, sodiamu na potasiamu na kalsiamu, zinazoingia na kutoka kwenye seli kupitia vijilango vidogo sana. Kila pigo likipita, msuli lazima ujichaji upya kabla ya amri inayofuata. Kwenye karatasi, muda kutoka amri inapofika vyumba vya chini vya moyo hadi vinapomaliza kujichaji huitwa QT. Kwa watu kama binti zetu, mlango mmoja wa potasiamu ni mzito kufunguka. Kujichaji kunachelewa. Na kama mshtuko ukileta amri nyingine wakati moyo haujawa tayari, mapigo yanavurugika, mstari unaanza kujisokota kama kamba, na moyo unatetemeka bila kusukuma damu. Mfaransa François Dessertenne ndiye aliyeuelezea mchoro huo wa kujisokota mwaka 1966. Wakati mwingine unakoma wenyewe baada ya nusu dakika, na mtu anaamka akiuliza kwa nini amezungukwa. Wakati mwingine haukomi.

Kisha akachukua bikari, kama ile ya hesabu za shule, akapima mbele yetu. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo mmoja ni milisekunde 40. Miraba ya QT ya mtoto wetu ilikuwa kumi na miwili: milisekunde 480. Lakini moyo ukienda mbio QT hufupika, kwa hiyo hurekebishwa kwa kanuni ya Bazett, ya tangu mwaka 1920: unagawanya kwa kipeuo cha pili cha muda ulio kati ya pigo na pigo. Kati ya pigo na pigo ilikuwa sekunde 0.8. Akabonyeza kikokotoo cha simu. Jibu likaja 537. Kwa msichana, alisema, akiona zaidi ya 460 anaanza kuangalia kwa makini. Akivuka 500 anaogopa. Tena wimbi la mwisho kwenye mchoro lilikuwa na bonde katikati, kama nundu mbili, jambo linaloonekana sana kwa wale wanaoangushwa na sauti.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo bado linatuchoma. Madaktari wana utaratibu wa kujumlisha alama, uliotungwa na Peter Schwartz wa Italia na wenzake. QT ndefu kiasi kile ina alama 3. Kuzimia kwa mshtuko, alama 2. Wimbi lenye bonde, 1. Na kifo cha ghafla kisicho na maelezo cha ndugu wa karibu aliye chini ya miaka 30, nusu alama. Aliandika zote kwenye karatasi, akajumlisha: sita na nusu, wakati tatu na nusu inatosha. Tuliendelea kuitazama ile nusu. Alikuwa binti yetu, ameandikwa 0.5.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyotufanya tuandike kwa pamoja na kusema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho.

Daktari alisema ugonjwa huu hurithiwa, na kwamba mzazi aliyeubeba huweza kumpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Alitaka kutupima sote. Mwana wetu wa kati alikuwa na 416. Salama, kwa kadiri karatasi inavyoweza kusema. Mmoja wetu alikuwa na 420. Mwingine alikuwa na 480. Huyo mwenye 480 alikuwa ameishi miaka zaidi ya arobaini bila hata kizunguzungu, kwa maana wako wanaobeba tatizo hili maisha yote bila dalili, na wengine hata mchoro wao hauonyeshi kitu.

Hatutasema ni nani. Hatujamwambia mtu yeyote isipokuwa watoto wetu na mchungaji. Shangazi wa upande mmoja aliuliza, na mjomba wa upande mwingine akauliza, kila mmoja akiwa na uhakika kuwa umetoka ng'ambo ile. Tuliwajibu kwamba umetoka kwetu. Tuliwaomba tu wote, pande zote mbili, waende kupimwa. Wachache walikwenda. Wengine walisema ukiuita ugonjwa kwa jina unaukaribisha. Tuliwahi kuamini hivyo sisi wenyewe, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kuwakasirikia, ingawa tulikasirika.

Usiku ule wa kurudi hospitalini tulilala tukipeana migongo. Aliyebeba alisema, "Mimi ndiye niliyemuua." Mwenzake hakujibu kwa muda mrefu, na ukimya ule ndio dhambi tuliyokuja kuiungama baadaye, sisi kwa sisi, bila watu tisa. Maana katika ukimya ule alikuwa akifikiri: afadhali si mimi. Tulichukua karibu mwaka kulisema hilo kwa sauti. Ndoa yetu iliokolewa na kusemwa kwake, na kwa kweli pia na mchungaji aliyekuja kila Jumanne jioni, akanywa chai, akazungumza habari za kahawa na mvua mpaka tulipokuwa tayari kuzungumza mengine.

Mwana wetu, aliyekuwa kidato cha tatu, alianza kusoma kila alichopata juu ya jambo hili, akitusomea mezani. Kwake tulimjua Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa kisiwani Java mwaka 1860, ambaye mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alipaswa kutumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Na kwake tulisikia kuhusu familia moja ya Norway. Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliandika habari za nyumba yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi, wakawa wakizimia, na watatu kati yao walikufa ghafla, mmoja akiwa na miaka 4, mwingine 5, mwingine 9. Michoro ya mioyo yao ilikuwa na QT ndefu. Mwana wetu alipofika pale alinyamaza. Mmoja wetu alimwomba arudie umri wao. Hatujui kama wazazi wale walikuwa watu wa sala, lakini tangu siku hiyo tumewataja katika sala zetu za jioni, bila majina, "wale wa Norway".

Binti yetu alianzishiwa propranololi, mara tatu kwa siku, dawa inayoukinga moyo na ile amri ya mshtuko. Inapunguza hatari sana, haiiondoi. Daktari alitaja pia kifaa kinachopandikizwa kifuani, kinachoutazama mstari saa zote na kuushtua moyo ukianza kujisokota. Michel Mirowski na wenzake walimwekea mtu kifaa hicho kwa mara ya kwanza mwaka 1980, huko Baltimore. Bei aliyotutajia ilikuwa ya shamba letu lote na ng'ombe juu yake. Tulikubaliana kuanza na dawa.

Tulipewa pia orodha ya dawa za kuepuka, kwa kuwa zipo zinazorefusha QT hata kwa mtu mzima wa afya: halofantrini na klorokwini za malaria, eritromaisini, flukonazoli ya fangasi, haloperidoli. Tukakumbuka klorokwini ilivyomezwa nchini kwetu kama maji hadi 2001 ilipoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na tukajiuliza maswali juu ya watu wa ukoo wetu ambao hayana wa kuyajibu. Potasiamu isishuke, tuliambiwa; akiharisha au kutapika aletwe haraka; na ndizi ni nzuri. Hapo tulicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Watu tuliozaliwa chini ya mgomba tunaagizwa ndizi!

Orodha ile imekunjwa ndani ya Biblia yake. Alipokuwa na miaka 15, muuza duka la dawa alimpa eritromaisini kwa ajili ya koo, akamwambia kila mtu anaitumia. Mtoto akafungua Biblia dukani, akasoma orodha, akairudisha. Muuzaji alimwambia ana kiburi. Tunamshukuru Mungu kwa kiburi hicho.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi haikutupa. Siku ile ya kwanza tulimwuliza daktari, kama mtu anavyomwuliza nabii: je, ataishi? Akasema, "Mchoro huu unaniambia yuko hatarini. Hauniambii siku." Tulitoka tukiwa tumekasirika naye. Tulitaka zaidi kuliko hapo. Baadaye tulitambua kwamba hilo ndilo tulilokuwa tukilitaka pia kwenye maombi ya Ijumaa: mtu atuambie kwamba jambo limekwisha, siku fulani, saa fulani. Pepo anaweza kutoka saa nane mchana. QT haitoki.

Ndugu mmoja kanisani alituuliza kwa nia njema kama vidonge mara tatu kwa siku si kutomwamini Bwana. Tulimkumbusha habari za mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Alilia, akaongezewa miaka 15, na hapo hapo Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatolewa. Tini ziliwekwa hata hivyo. Yule ndugu alisema atalifikiria. Tunadhani bado anafikiria.

Aliyetusumbua moyo kuliko wote ni mzee mpiga kengele. Habari ilipoeleweka usharikani kwamba ni sauti iliyokuwa ikimwangusha binti yetu, alikuja nyumbani akiwa amevaa koti lake la Jumapili, siku ya kazi. Alisema, "Baba, Mama, nimekuja kuwapa pole tena, maana ile ya kwanza sikujua kuwa mkono wangu umo." Tulimwambia si kengele yake, siku ile mtoto aliamka. Alitikisa kichwa. Tangu wakati huo, kila Jumapili, kabla hajavuta kamba, alitoka nje akamtafuta mdogo kwa macho. Akiwa karibu na mnara, alimpungia mkono mpaka aketi mbali. Kengele ya pili ya usharika wetu ikawa inachelewa dakika moja au mbili, na wageni walidhani sisi si watu wa saa. Baraza la wazee halikulijadili jambo hilo hata mara moja. Mzee alifariki mwaka juzi, kwa uzee. Anayepiga sasa ni mjukuu wake, naye hutazama kwanza, hata Jumapili ambazo binti yetu hayupo.

Maana sasa hayupo. Ana miaka 20, yuko chuo cha ualimu, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Tulibishana miezi mitatu kama aende. Nyumbani hakuna saa ya kengele, simu zote hazina mlio, na tangu 2014 tumemwamsha kwa kumgusa mguu, taratibu, mmoja wetu akipokezana na mwenzake. Nani angemgusa mguu huko? Mwisho alituambia, "Baba, Mama, mmeniamsha miaka yote hii. Sasa niacheni niamke." Aliyeshiba nguvu za kubishana kati yetu hakupatikana. Anayelala naye chumbani ameonyeshwa orodha, amefundishwa kusukuma kifua, na ndiye anayemgusa mguu. Ametusomea haya na kuturuhusu kuyatoa, isipokuwa sentensi mbili alizozifuta.

Kila asubuhi hututumia neno moja: Nimeamka. Kengele ya alfajiri hapa kwetu hupigwa saa kumi na mbili kamili, na kwa kawaida neno lake hutangulia. Juzi halikutangulia. Kengele ikapigwa, ikanyamaza. Tulikaa jikoni, simu ikiwa mezani kati yetu, uso juu. Hatukuomba kwa maneno. Tulishikana mikono tu, na mmoja alikuwa anahisi mapigo ya mwenzake kwenye kifundo cha mkono. Saa kumi na mbili na dakika arobaini taa ya simu ikawaka. "Nimeamka. Samahani, bando liliisha." Mmoja wetu alikwenda kukamua ng'ombe. Mwingine alikwenda dukani kumnunulia vocha.